Jinsi ya kupima kama kifaa chako cha kurusha dadu kinatoa namba kwa haki

Kama umewahi kukaa kwenye ludo ya jioni unaujua ugomvi wake, mtu kete zake nne zote bado ziko ndani, mwenzake anapiga sita, anapiga sita tena, anatoka anakula watu, afu yule wa kwanza anashika dadu anaigeuza geuza anasema hii imechezewa. Sisi maskani tulichoka, na dadu yenyewe ilikuwa imeshalika pembe maana kila siku inarushwa kwenye sakafu ya simenti, basi nikatengeneza ya umeme kwa Arduino, kibao kidogo cha umeme unachokiandikia programu mwenyewe, taa saba za LED na kitufe kimoja, unabonyeza inakuonyesha namba. Ugomvi haukuisha, ukahamia kwenye kifaa. Na safari hii walalamikaji walikuwa na haki, maana siku ya kwanza tulicheza saa nzima hakuna hata mmoja aliyepata sita. Kwenye amri ya kuchagua namba nilikuwa nimeandika random(1, 6), na kwenye Arduino ile namba ya mwisho haihesabiwi, kwa iyo kifaa kilikuwa kinatoa moja mpaka tano basi. Ilitakiwa random(1, 7).

Kosa lile lilijulikana haraka kwa sababu ludo bila sita haitembei. Mengine yanakaa miezi hamna anayeyaona, kila mtu anahisi tu kwamba kuna kitu. Kwa iyo hapa naeleza namna ya kukipima kifaa chochote cha dadu, kiwe cha umeme cha kutengeneza mwenyewe, apu ya simu, au boksi la kutikisa dadu za kawaida, kwa daftari, kalamu na kalkuleta ya simu. Hesabu zake ni za darasa la saba, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Kabla ya yote ujue unapima vitu viwili tofauti. Cha kwanza, je namba zote sita zinakuja kwa usawa? Cha pili, je mtu aliyeona zilizopita anaweza kubahatisha inayofuata kuliko mtu asiyeziona? Wengi wanapima la kwanza wanaridhika. Sasa fikiria kifaa kinachotoa 1 2 3 4 5 6 1 2 3 4 5 6 bila kuchoka, ukihesabu kila namba imekuja sawa kabisa na wenzake, hamna kilicho sawa zaidi ya hapo, na hakifai hata kidogo. Ndo maana lazima uandike namba kwa mpangilio zilivyotoka, usiweke vijiti vya kuhesabia pembeni ya kila namba tu, ukishaweka vijiti mpangilio umepotea na huwezi kuurudisha.

Chukua daftari, kata mistari ya namba 20 kila mstari, jumla mistari 30, hizo ni 600. Mmoja abonyeze na kutaja kwa sauti, mwingine aandike na kurudia alichosikia. Kwa mtu mmoja inachosha, na ukichoka unaanza kuruka namba bila kujijua. Amua hiyo 600 KABLA ya kuanza na usisimame njiani. Hili nalikazia kwa sababu nimeona watu wanarusha mara 50, wanaona sita zimekuwa nyingi, wanafunga daftari wanasema mmeona, au hazijawa nyingi wanasema ngoja tuendelee kidogo mpaka zije. Ukiwa unasimama pale unapopenda wewe, kifaa chochote utakikuta na hatia. Kama ni dadu ya kawaida kwenye boksi, mkubaliane pia mapema ikisimama kwa kuegemea ukuta inafanywaje. Sisi tunairudia na hatuiandiki, na sheria hiyo inabaki mpaka mwisho, hata kama iliyoegemea ilikuwa inaonyesha sita.

Kwa nini 600? Kwanza hesabu inakuwa rahisi, kila namba unaitegemea mara 100. Pili ni idadi ambayo watu wawili wanaimaliza kwa saa moja na ushee. Ukirusha mara 60 kila namba unaitegemea mara 10, lakini kifaa kizuri kabisa kinaweza kukupa 5 au 15 na isiwe ajabu. Kwenye 600, namba moja moja kwa kawaida inacheza kati ya 82 na 118. Sasa kabla hujasema 119 ni wizi, kumbuka unaangalia namba sita kwa pamoja, na moja kati ya sita kutoka nje kidogo ya hapo inatokea mara kwa mara. Ndo maana hatuangalii namba moja moja, tunazichukua zote sita kwa mkupuo kwa kipimo kinaitwa kai-skwea, alikitoa Mwingereza Karl Pearson mwaka 1900 na hadi leo ndo kinachotumika.

Inafanyika ivi. Tuseme umehesabu ukapata moja 92, mbili 108, tatu 97, nne 89, tano 101, sita 113. Kila moja toa 100, unapata tofauti 8, 8, 3, 11, 1, 13, alama ya kutoa usiijali. Kila tofauti izidishe kwa yenyewe, 64, 64, 9, 121, 1, 169. Jumlisha zote, 428. Gawanya kwa 100, yaani kwa ile idadi uliyoitegemea, jibu ni 4.28. Basi, hiyo ndo kai-skwea yako.

Sasa namba za kulinganisha, hizi ni za kitu chenye pande sita, ziandike nyuma ya daftari: 11.07, 15.09 na 20.52. Maana yake ni kwamba kifaa kisicho na kosa lolote, ukikipima mara nyingi sana, kitavuka 11.07 kama mara moja katika kila vipimo 20, kitavuka 15.09 mara moja katika 100, na 20.52 mara moja katika 1000. Kwa iyo 4.28 yetu iko chini kabisa, hamna cha kukituhumu. Ikizidi 20.52 mimi sibishani tena, naenda kutafuta kosa liko wapi.

Shida iko katikati. Chukua mfano huu mwingine: 81, 96, 104, 90, 99, 130. Tofauti zinakuwa 19, 4, 4, 10, 1, 30, ukizidisha na kujumlisha unapata 1394, ukigawanya kwa 100 ni 13.94. Imepita 11.07 lakini haijafika 15.09, na ile sita mara 130 inakutazama. Hapa watu wanaharibu. Wanaongeza kurusha mara 100 juu ya zile za mwanzo, wanapiga hesabu tena, wanaongeza nyingine, mpaka lipatikane jibu wanalolitaka. Usifanye ivo. Weka daftari la kwanza pembeni, pumzika, kesho anza 600 mpya kabisa na zipige hesabu peke yake. Kama ya kwanza ilikuwa bahati mbaya tu, ya pili kwa uwezekano mkubwa itashuka. Ikipanda tena, na sita ndo ile ile inayozidi, hapo una kesi.

Afu kuna upande ambao wengi hawaufikirii kabisa, kai-skwea kuwa NDOGO mno. Kifaa cha haki kinashuka chini ya 1.145 mara moja tu katika 20, na chini ya 0.554 mara moja katika 100. Ukipata 0.2, namba zote ziko 98, 101, 100, usifurahi. Nasibu ya kweli ina makunyanzi. Jibu lililonyooka kiasi hicho maana yake huenda kifaa kinagawa namba kama karata, kinachanganya sita zote, kinazitoa moja moja mpaka ziishe, ndo kinachanganya tena, au aliyeandika kwenye daftari alikaa akabuni. Kwenye kugawa kama karata, mtu mwenye kumbukumbu akishaona tano zimetoka anaijua ya sita.

Sasa kipimo cha mpangilio, na hapa ndo faida ya daftari inaonekana. Pitia namba zako 600 kutoka mwanzo, kila inapotokea namba ni sawa na iliyoitangulia weka alama, yaani 4 ikifuatiwa na 4, 2 ikifuatiwa na 2. Hesabu alama. Kwa kifaa cha haki unategemea karibu 100, na kati ya 82 na 118 ni kawaida. Ukipata 40, kifaa kinakwepa kurudia namba, na kuna watengenezaji wanafanya ivo makusudi kwa sababu watumiaji wakiona tatu mara tatu mfululizo wanasema kimeganda. Ukipata 160, angalia kitufe, mara nyingi kinashika au programu inasoma mbonyezo mmoja mara mbili na kukuonyesha jibu lile lile.

Ukitaka kuchimba zaidi, gawa 600 zako ziwe jozi 300, ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, usizipishanishe. Chora jedwali la vyumba 36, mstari ni namba ya kwanza, safu ni ya pili, na kila jozi iweke kwenye chumba chake. Kila chumba unakitegemea mara 8.33. Piga kai-skwea ile ile, tofauti mara yenyewe, jumlisha vyumba vyote 36, gawanya kwa 8.33, ila safari hii mpaka wako ni 49.80 kwa ile mara moja katika 20. Ni kazi ya dakika 40 hivi na inakamata mambo ambayo hesabu ya kwanza haiwezi kuyagusa, mfano baada ya moja inakuja nne mara nyingi mno.

Na zile kelele za "mimi sijaona sita tangu asubuhi" zina hesabu yake pia. Kukaa mirusho 20 bila sita hata moja ni 5/6 ukiizidisha kwa yenyewe mara 20, inatoka kama 0.026, yaani mara moja katika kila 38. Mko wanne, mnacheza michezo mitatu kila jioni, kila wiki kuna mtu litampata, na atakuwa na hasira za kweli kabisa, na dadu haina kosa. Mirusho 30 bila sita ni kama mara moja katika 240. Kwenye daftari lako la 600 utakuta sita kama 100, na kati ya hizo ni kawaida mbili au tatu ziwe zimetanguliwa na ukame wa namba 20 au zaidi. Usipoukuta ukame wowote mrefu, jiulize ile habari ya karata.

Kwa vifaa vya umeme kuna kipimo kingine, kifupi kuliko kile cha 600, na mimi nakiona ni muhimu kuliko vyote. Zima kifaa, washa, bonyeza mara 10, andika. Zima tena, washa, bonyeza 10, andika. Fanya mara 20. Uwezekano wa namba 10 kufanana zote kwa bahati ni mmoja katika milioni 60 na ushee, kwa iyo ukiona mistari miwili inafanana neno kwa neno hamna haja ya kai-skwea. Arduino ukiita random() bila kuipa mwanzo, yaani namba ya kuanzia, kwa randomSeed() inatoa mfululizo ule ule kila ukiiwasha, na mfululizo wenyewe ukiupima peke yake unafaulu vizuri sana. Kijana wetu mmoja alishagundua ukichomoa betri na kurudisha anajua namba za mwanzo, akakaa kimya wiki nzima akishinda soda. Wengi wanafundishwa dawa ni randomSeed(analogRead(0)) kwenye pini isiyounganishwa na kitu. Inasaidia kiasi, lakini kwenye Arduino ya aina ya Uno pini ile inasoma 0 mpaka 1023, kwa iyo mianzo haizidi 1024, na mara nyingi inarudi rudi kwenye namba chache za jirani. Nilichofanya mimi ni kutumia muda wa mtu kubonyeza, nachukua micros(), yaani saa ya ndani ya Arduino, pale kidole kinapoachia kitufe na kuitumia kama mwanzo. Hakuna kidole kinachoweza kupanga hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hapa tunaongelea sehemu za milioni za sekunde.

Wale wa saketi za zamani, za chipu ya 555 inayopiga mapigo na ya 4017 inayoyahesabu, kosa lenu linakaa kwingine. Pale 4017 inahesabu moja mpaka sita inazunguka, na ukiachia kitufe inasimama ilipofika. Kama 555 inapiga polepole, mara 10 au 20 kwa sekunde, mtu mwenye jicho na mazoezi anaisimamisha anapotaka. Pandisha mapigo yafike maelfu kwa sekunde. Kuipima, mpe kifaa mtu mmoja ajaribu kwa makusudi kutoa sita mara 120, kwa bahati atapata kama 20, akifika 35 rudi kwenye saketi.

Apu za ludo za kwenye simu zina lawama yake maalum, kwamba zinaipendelea kompyuta. Hapo usichanganye mirusho. Kurasa mbili, moja yako na moja ya kompyuta, kila moja 300 angalau, na kila moja ipigwe hesabu peke yake, ukitegemea 50 kwa kila namba. Ukijumlisha pamoja zinaweza kutoka sawa huku wewe unapewa ndogo na yeye kubwa. Na pembeni ya kila namba andika hali ya mchezo ilikuwaje, herufi moja inatosha, N kama kete zako zote ziko ndani, M kama ulihitaji namba fulani ili ule mtu. Programu ina uwezo wa kuangalia bodi kabla ya kukupa namba, dadu ya mfupa haina, kwa iyo sita za kwenye N na sita za kwenye kawaida zihesabiwe mbali mbali.

Tuje kwenye makosa madogo. Watu wengi wanachukua namba ya nasibu, wanaigawanya kwa sita, wanachukua baki na kuongeza moja. Ukianza na namba 0 mpaka 7, zipo nane, baki 0 na 1 zinakuja mara mbili mbili na nyingine mara moja moja, yaani moja na mbili kwenye dadu yako kila moja ina robo nzima. Kwenye 600 utaona 150 na 150, haliwezi kujificha. Ukianza na 0 mpaka 255, baki nne zinapata nafasi 43 na mbili zinapata 42, tofauti ipo lakini ili uione kwa kai-skwea kwa uhakika wa kuridhisha unahitaji kurusha kama mara laki moja. Kwa ludo haina madhara, ila dawa yake ni nyepesi mno kiasi kwamba sioni sababu ya kuiacha: ikija 252 au zaidi itupe, chukua nyingine.

Dadu halisi zenyewe zina upendeleo mdogo wa namna hiyo na watu wameshajitolea kuutafuta. Weldon, mwanabiolojia wa Uingereza, mwaka 1894 alitoa hesabu za dadu 12 zilizorushwa mara 26,306, tano na sita zikawa asilimia 33.77 badala ya 33.33, na hizo ndo Pearson alizitumia kwenye kazi yake. Dadu zenye vitone vya kuchimbwa zinapoteza uzito zaidi upande wa sita kuliko wa moja, na sita inaelekea juu. Rudolf Wolf wa Uswisi alirusha dadu mara 20,000 na moja wapo, nyeupe, ikampa 3246, 3449, 2897, 2841, 3635, 3932. Piga hesabu mwenyewe kwa kutegemea 3333.33 kila moja, utapata kama 271. Na mwaka 2009 Zacariah Labby wa Chicago alirudia kazi ya Weldon kwa boksi linalotikisa na kamera inayosoma namba, dadu zake zikazidisha moja na sita, na alipozipima akakuta upana kati ya nyuso hizo mbili ni mfupi kidogo kuliko pande nyingine. Kwa iyo kama una dadu ya plastiki na kipimo cha vernia, pima pande tatu kabla hata ya kurusha. Kuielesha kwenye maji ya chumvi kunaonyesha uzito tu, umbo halionekani, na dadu nzito inazama moja kwa moja.

La mwisho ni betri. Pima 600 betri ikiwa mpya, afu pima tena inapokaribia kuisha, maana boksi la mota likipungukiwa nguvu dadu inateleza badala ya kupinduka, na namba ya juu inabaki ile ile. Hesabu za usawa zinaweza kutoka safi, ila zile alama za kurudia zitapanda. Boksi la jirani yetu lilitoa 103 betri zikiwa mpya na 171 zilipochoka, sasa limebandikwa karatasi: taa ikififia, badilisha kwanza ndo mrushe.